Anayekaanga Ndiye Anayeandika

Duka jipya la kahawa likifunguliwa mtaani, watu hulikagua kwa mambo matatu: viti, waifai, na ule moyo unaochorwa kwa maziwa juu ya kikombe. Mimi nimeingia mara nne kwenye duka moja dogo la Section 58, hapa Nakuru, na nataka kulikagua kwa kitu kingine. Nataka kuyahakiki maandishi yake: ubao wa chaki ulio ukutani, karatasi iliyobandikwa kwenye pakiti, na yale maneno matatu manne yanayowekwa chini ya jina la kila kahawa ili ujue mapema utaonja nini.

Jina la duka sitaliandika. Wenyewe ni vijana wawili wanaolipa kodi na mkopo, na ninayoyasema yanahusu maduka mengi zaidi ya lao, kuanzia Nax hadi Nairobi. Nimelichagua hili kwa sababu moja: wanakaanga kahawa yao wenyewe, pale pale, nyuma ya kaunta. Duka linalonunua kahawa iliyokwisha kukaangwa na kupakiwa hununua pia maneno ya mtu mwingine. Duka linalokaanga halina kisingizio hicho.

Kwa nini kukaanga kuwe jambo kubwa hivyo? Punje mbichi ya kahawa ni kitu kigumu, rangi ya kijani iliyofifia, chenye harufu ya nyasi kavu. Ikihifadhiwa vizuri hukaa miezi mingi na huvuka bahari bila shida. Ikishakaangwa, harufu yake huanza kupotea baada ya wiki chache tu. Ndiyo maana biashara ya dunia ilijengwa juu ya gunia la punje mbichi: mkulima analima, meli inabeba, mtu wa mbali anakaanga. Huyo wa mbali ndiye anayepanga bei ya pakiti, anayechagua picha ya kuweka juu yake, na anayeamua kahawa hiyo itaitwaje. Kwa ufupi, anayekaanga ndiye anayeandika.

Sisi tumeandikiwa kwa muda mrefu. Wamisionari Wafaransa walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka 1893. Walowezi wakaifanya zao lao, na Waafrika wakazuiwa kuilima hadi miaka ya 1930, wachache wa Kisii, Embu na Meru waliporuhusiwa. Mlango haukufunguka hasa mpaka baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Uhuru ukaja, lakini kazi yetu ikaendelea kuishia kwenye gunia. Mpaka leo zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Kenya huuzwa nje. Kahawa ya Subukia imekuwa ikifika London ya Uingereza kabla ya kufika London ya hapa Nakuru, mtaa ulio mwendo wa boda tu kutoka katikati ya mji.

Na huko ilikofika iliandikwa nini? "Kenya AA", basi. Wengi hudhani AA ni alama ya ladha, kama ile A ya KCSE. AA ni ukubwa wa punje. Kuna AA, AB, PB, C, TT, T, na huko chini kabisa kuna mbuni. Hapo mpenzi wa lugha lazima asimame kidogo. Kwa Kiswahili, buni ni punje ya kahawa ambayo haijakaangwa, na mbuni ni mti wake. Lakini katika biashara ya kahawa ya Kenya, mbuni ni yale matunda yaliyokaushwa na ganda lake bila kuoshwa, kahawa ya bei ya chini. Orodha nzima ya madaraja, na Kiswahili kimepewa nafasi moja tu, tena ya mwisho.

Kwa hivyo kijana wa Section 58 anaponunua mashine ya kukaangia, kuna kalamu iliyohama. Swali langu kama mhakiki ni anaitumiaje.

Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya kukaanga. Mlango huachwa wazi kwa sababu ya moshi, na hata anayepita kwenda kununua mkate anajua. Mashine yao ni ndogo, inabeba kilo tano kwa mara moja. Mwanzoni harufu ni ya nyasi, kisha ya mkate, kisha kitu kinachokaribia mahindi ya kuchoma. Joto likikaribia nyuzi 196, punje huanza kupasuka kwa sauti kama bisi kwenye sufuria. Hapo mkaangaji huacha kuongea na mtu yeyote. Anainamisha sikio. Dakika moja ikipita kwa uzembe, kazi ya miezi kumi ya mkulima inageuka makaa. Makapi mepesi yanaruka mpaka kwenye nywele zake. Anafungua mlango wa mashine, punje zinamwagika kwenye sinia ya kupozea, na kwa mara ya kwanza unasikia harufu unayoijua.

Halafu anafanya jambo ambalo kwangu ndilo muhimu kuliko yote: anachukua daftari la shule, lile la kurasa 96, na kuandika. Nilimwomba ruhusa nilisome.

"Hilo ni la jikoni tu, dada," akasema. "Usicheke mwandiko."

Sikucheka. Daftari lile ndilo andiko bora zaidi katika duka lile. Linaandikwa kwa Kiswahili cha hapa, na Sheng kidogo, na Kikuyu pale Kiswahili kinapomchelewesha. Mstari mmoja unasema kahawa ilichelewa kulia. Mwingine unasema imetoka na harufu ya mahindi ya kuchoma, moto upunguzwe mapema. Wa tatu unasema ina ukali wa ndimu mwanzoni, halafu inatulia kama uji uliochachuliwa. Kuna ukurasa ameandika neno moja tu, "ukakasi", na kulipigia mstari mara mbili. Ukakasi! Ile hali ya ndizi mbichi inapokukunja ulimi. Kuna kahawa zina kasoro hiyo hiyo, na yeye alilipata neno lake bila kuulizwa na mtu.

Sasa inua macho uangalie ubao. Kahawa ile ile ya uji na ndimu imeandikwa hapo kwa Kiingereza, chaki nyeupe, herufi za kupendeza: "blackcurrant, bergamot, brown sugar". Mimi nimezaliwa Bahati. Blackcurrant ninaijua kutoka kwenye chupa ya Ribena. Bergamot sijawahi kuiona kwa macho, na sidhani kuna mtu katika foleni ile aliyewahi kuimenya. Ubao unamwambia mteja wa Nakuru kwamba kahawa iliyokua mwendo wa saa moja kutoka hapa ina ladha ya matunda ambayo hajawahi kuyala. Mteja anaonja, haipati bergamot, na anajilaumu. Anasema, "Mimi si mtu wa kahawa." Nimeisikia sentensi hiyo pale zaidi ya mara moja, na kila mara imenikera. Aliyefeli hapo ni ubao, lakini mwenye kuondoka akijiona hajui ni mteja.

Nataka kuwa mwenye haki. Maneno hayo hayakuokotwa ovyo. Kuna gurudumu la ladha lililochapishwa mwaka 1995 na chama cha kahawa maalumu cha Marekani, likafanyiwa marekebisho mwaka 2016, na waonjaji wa dunia nzima hulitumia ili mnunuzi wa Oslo na muuzaji wa Nairobi waelewane. Ni chombo cha kazi, na ni kizuri. Mkaangaji akiandika barua kwa mnunuzi wa ng'ambo, na aandike bergamot mpaka achoke. Lakini ubao ule haumwangalii mtu wa Oslo. Unamwangalia mwalimu wa Langalanga, mwanafunzi wa Egerton aliyekuja mjini wikendi, mama wa Kiamunyi anayesubiri watoto watoke dansi.

Nilimuuliza kwa nini daftari lisipande ukutani. Akafikiri kidogo.

"Mteja analipa 250 kwa kikombe," akasema. "Lazima aone tunajua kazi. Nikiandika uji, ataniuliza mbona nimlipie uji."

Jibu hilo lina ukweli wake, na sitaki kulipuuza. Kiswahili chenyewe kinamtega. Wataalamu wa kahawa husifu uchachu. Kahawa ya Kenya imejipatia jina duniani kwa uchachu wake ulio mkali na safi. Lakini kwetu, kitu kikichacha kimeharibika. Maharagwe yamechacha, mwage. Ukiandika "yenye uchachu" kwenye ubao, nusu ya wateja watadhani maziwa yameharibika. Kwa hivyo kazi ya kutafuta neno si ya kufungua kamusi na kutafsiri. Inataka mtu aliyeonja vitu vingi vya hapa na anayekumbuka ni uchungu gani tunaupenda.

Na tunavyo. Uji wa kuchachuliwa ni mchachu na hakuna anayeumwaga. Mursik ina moshi wa kibuyu, na kahawa iliyokaangwa sana ina moshi wa aina hiyo. Kuna ukwaju, kuna zambarau, kuna makarakara. Halafu kuna matunda damu. Waonjaji wa nje wakinywa kahawa ya SL28, ile aina iliyochaguliwa katika maabara za Scott miaka ya 1930, mara nyingi hutaja tunda jeusi chachu na kitu kama nyanya. Wanatumia maneno mawili kwa kitu ambacho sisi tunacho kwa jina moja. Tunda damu ni chachu, ni tamu kwa mbali, na lina ile ladha ya nyanya nyuma yake. Liko sokoni hapa, kilo kwa bei ya kawaida. Kama kuna sentensi ya Kiswahili inayoieleza kahawa ya nyanda za juu za Kenya, inaanzia hapo.

Hili sikulibuni peke yangu. Siku ya tatu kulikuwa na mzee wa Subukia ameketi karibu na dirisha, kofia magotini. Kahawa ya chama chao cha ushirika ndiyo iliyokuwa imekaangwa wiki hiyo.

"Guka, hii ndiyo yenu," barista akamwambia, akamwekea kikombe. "Onja kwanza bila sukari."

Mzee akaionja. Akanyamaza muda mrefu hata yule kijana akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Ni kama maji ya matunda damu," mzee akasema mwishowe, "kabla mama hajaweka sukari." Kisha akaomba sukari, akatia vijiko vitatu, akainywa yote.

Alisema pia kwamba nyumbani kwake hunywewa chai. Hilo halikunishangaza, ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi zilizosomesha watoto kwa kahawa. Lililonishangaza ni kwamba maelezo bora ya kahawa ile yalisemwa kwa sauti, mbele ya mashahidi, mita mbili kutoka kwenye ubao, na hakuna aliyechukua chaki.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hizi ni hasira za watu wa fasihi, ati maneno tu. Basi tuangalie pakiti, kwa sababu pakiti inaeleza mengi zaidi. Gramu 250, shilingi 900. Karatasi yake inataja mwinuko kwa mita, aina ya mbuni, namna ilivyooshwa na kukaushwa, na tarehe ya kukaangwa. Haya yote ni mazuri, na tarehe ya kukaangwa hasa ni uaminifu ambao maduka makubwa hayana. Lakini ona kisichotajwa. Kupata gramu 250 zilizokaangwa unahitaji kama gramu 300 za punje mbichi, kwa sababu moto huondoa maji na uzito. Gramu 300 hizo zinahitaji karibu kilo mbili za matunda mekundu. Hata mkulima akilipwa shilingi 100 kwa kilo, pakiti ya 900 imembebea 200. Sisemi zilizobaki zimeibwa. Kuna kiwanda cha kumenya na kuosha, kuna kinu, usafiri, kodi ya nyumba, stima, mishahara. Ninasema hesabu hiyo ni sehemu ya hadithi, na pakiti iliyopata nafasi ya kutaja mwinuko wa shamba haikukosa nafasi ya kutaja bei aliyolipwa mwenye shamba. Mita zinampendeza msomaji. Shilingi zingemfanya aulize swali.

Kuna mfano mzito zaidi. Mwezi uliopita kahawa mpya ilipanda kwenye ubao: Solai. Chini yake: "jasmine, honey, clean". Nimesema kahawa ile ilitoka kwa wakulima wadogo, na mkaangaji alinionyesha stakabadhi. Sina tatizo na kahawa. Lakini Solai ni jina. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la Patel lililokuwa ndani ya shamba kubwa la huko lilipasuka. Maji na matope yalishuka kwenye nyumba za watu, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Ukiandika Solai kwenye ubao wa Berlin, umeandika mahali pa mbali penye maua. Ukiiandika Nakuru, kuna mtu kwenye foleni ana jamaa aliyezikwa huko.

Sidai kikombe kigeuke mnara wa makumbusho. Kahawa na inywewe, wakulima wa Solai wanahitaji kuiuza kuliko mimi ninavyohitaji kuhuzunika. Ninachodai ni kidogo. Neno "clean" chini ya jina lile ni neno ambalo mtu wa hapa asingeliandika kama angekuwa anaandika kwa lugha yake na kwa majirani zake. Angelisikia kabla halijamtoka. Hii ndiyo hasara ya kuazima sentensi nzima nzima: unaweza kukosea adabu bila sikio lako kukuonya.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina desturi ya kahawa, kwamba hii ni kazi ya kuanza upya. Hao hawajafika Bondeni jioni, wala Mombasa. Pwani watu wamekaanga buni, wakaitwanga, wakaichemsha na tangawizi, wakaimimina kutoka kwenye dele hadi kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, tangu zamani sana kabla ya mashine yoyote ya Kiitaliano. Wana kashata ya kuisindikiza na baraza ya kuinywea. Wanaiita kahawa chungu, na uchungu huo si kasoro, ni sifa. Ona jinsi neno moja lililokubaliwa linavyofanya kazi. Hakuna mteja wa kahawa chungu anayelalamika kwamba ni chungu, na hakuna anayeondoka akisema yeye si mtu wa kahawa. Bara bado hatujapata neno la aina hiyo kwa kahawa yetu ya milimani, yenye uchachu. Litatoka kwa watu wanaoikaanga na kuinywa hapa, au halitatoka.

Hukumu yangu, basi. Kama duka, ni zuri. Mkaangaji anajua kusikiliza, barista hana madharau, na maziwa hayachemshwi mpaka yaungue. Kama chombo cha maandishi, duka hili lina kitabu kimoja kizuri kilichofichwa jikoni na tangazo moja la kukopa lililoangikwa mbele. Ningeliambia libadilishane nafasi zake. Liache Kiingereza cha gurudumu kwenye karatasi ya mnunuzi wa nje. Ukutani liandike uji, liandike mahindi ya kuchoma, liandike tunda damu. Mteja mmoja akicheka, na acheke, wa pili ataonja na kusema, "Kumbe ni kweli." Pakiti iongezwe mstari mmoja wenye shilingi za mkulima. Na jina la mahali liachwe lisimame peke yake pale ambapo sifa zitalichafua.

Ukienda, nenda Jumamosi kabla ya saa nne, mashine ikiwa inafanya kazi. Agiza ya Subukia, iliyochujwa, bila maziwa. Usiusome ubao mpaka umalize kikombe. Kisha mwambie barista ilikuwa na ladha gani, kwa lugha yoyote uliyofundishwa kulia nayo, na umwombe aandike.